Pishi ya Uhuru Iko Mkononi mwa Nani?

Siku ya kikao mjini Concord, makao makuu ya jimbo la New Hampshire nchini Marekani, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hafiki kwenye kiti chake mikono mitupu. Njiani ameshapewa karatasi, na moja ina rangi ya dhahabu. Humo mna namba za miswada ya siku hiyo, na mbele ya kila namba ushauri mfupi: huu ukubali, huu ukatae, kwa sababu hizi na hizi. Wanaoigawa ni watu wa New Hampshire Liberty Alliance, jumuiya iliyoanza mwaka 2003. Msimu wa vikao ukiisha, jumuiya hiyo huzikusanya kura za kila mjumbe, ikazilinganisha na ushauri wake, kisha ikamtolea kila mmoja herufi kama za mtihani wa shule: A+ kwa aliyelinda uhuru wa mtu binafsi, F kwa aliyeutafuna.

Naipenda karatasi hiyo. Herufi zake siziamini. Sioni kama najipinga.

Tuanze na sababu ya kitu kama hiki kustawi pale. Baraza lile lina wajumbe 400 kwa jimbo lenye watu wapatao milioni 1.4, yaani kila mjumbe anawakilisha watu kama 3,500 tu. Kata moja ya Dar es Salaam inaweza kuwazidi mara kumi. Seneti ina watu 24. Posho ya mjumbe ni dola 100 kwa mwaka, na haijapanda tangu 1889. Hana katibu, hana ofisi, hana msaidizi wa kumsomea nyaraka. Wengi wao ni wastaafu, wenye biashara ndogo, au watu ambao ajira zao zinawaruhusu kupotea katikati ya wiki. Juu ya hayo, utaratibu wa pale unataka kila muswada usikilizwe hadharani kwenye kamati, halafu uletwe mbele ya baraza zima; haufii kwenye droo ya mwenyekiti wa kamati kama inavyotokea kwenye majimbo mengine. Kwa mwaka miswada inakaribia elfu moja.

Mtu wa dola 100 hawezi kusoma miswada elfu moja. Lazima amtegemee mtu: kiongozi wa chama chake, jirani yake wa kiti, au mshawishi anayelipwa na kampuni ambaye yupo kila siku kwenye korido, anacheka vizuri na anakumbuka majina ya wajukuu. Karatasi ya dhahabu imejipenyeza kwenye pengo hilo, na hapa naitolea heshima yake. Mshawishi wa kampuni hunong'ona. Karatasi hii inasema kwa sauti, kabla ya kura, na yeyote anaweza kuisoma na kuipinga. Ni mtihani wa ajabu: majibu yanagawiwa mlangoni asubuhi, na bado darasa zima linajaa F. Maana yake ni kwamba anayepata F pale hakukosa jibu. Alilisoma akalikataa.

Walioanzisha mambo haya hawakudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2001 Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa udaktari wa sayansi ya siasa, alitoa wazo kwamba wapenda uhuru wa Marekani waache kutawanyika kama punje za mtama. Watu 20,000 wahamie jimbo moja dogo ambako kura zao zitaonekana. Mwaka 2003 walipiga kura kuchagua jimbo, ikashinda New Hampshire. Ahadi ya watu 20,000 ilitimia Februari 2016, ingawa waliofungasha mizigo kweli ni wachache kuliko waliotia saini (wahamasishaji wa mikutano yetu wanaijua tofauti hiyo). Hata hivyo kwenye baraza la watu 400, ambako kampeni unaifanya kwa kugonga milango ya majirani, watu wachache wenye nidhamu wanafika mbali. Kiongozi wa Warepublican walio wengi barazani, Jason Osborne, ni mmoja wa waliohamia kwa wito huo.

Jimbo lenyewe lilikuwa na udongo mzuri tayari. Halina kodi ya mauzo wala kodi ya mshahara. Ni jimbo pekee la Marekani ambalo mtu mzima halazimishwi kisheria kufunga mkanda ndani ya gari. Na kwenye kibao cha namba cha kila gari binafsi kuna maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: ishi huru au ufe.

Kibao hicho nikisimamie kidogo, maana kinafundisha kuliko makala yangu. Miaka ya 1970 mtu mmoja wa huko, George Maynard, Shahidi wa Yehova, aliona maneno hayo yanapingana na imani yake. Kwake uzima ni zawadi ya Mungu, si kitu cha kuwekwa rehani kwa ajili ya siasa. Akayafunika. Kufunika maandishi ya kibao kulikuwa kosa, akatozwa faini, akakataa kulipa, akakaa kifungoni siku 15. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1977 ikaamuliwa kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu aitembeze kaulimbiu yake barabarani. Sasa fikiria ungekuwa unatoa alama mwaka ule wabunge walipopitisha kura ya kuliweka neno la uhuru kwenye kila gari la jimbo. Ungempa nani A?

Wanunuzi wa maharage sokoni wanalijua kopo lililobonyezwa kitako. Muuzaji anakujazia mpaka juu, anakuongezea na kilima, unaondoka umeridhika. Kumbe ndani chini pana nundu iliyokula robo ya haki yako. Hakukuibia mbele ya macho yako, wala kuhesabu hakukosea. Alichokifanya alikifanya kwenye kopo, kabla hujafika. Alama za wabunge ziko hivyo. Hesabu yake huwa sahihi kabisa: kura 40, amelingana nasi kwenye 34, asilimia 85. Nundu iko kwenye swali la kura zipi 40 zimechaguliwa kati ya mamia, na nani aliamua upande upi wa kila kura ndio uhuru.

Wamarekani wameshakaa na kopo hili muda mrefu. Americans for Democratic Action, jumuiya ya mrengo wa kushoto, imekuwa ikiwapa alama wabunge wa Washington tangu 1947. Wapenda mazingira wa League of Conservation Voters walianza 1970, wahafidhina wa American Conservative Union mwaka uliofuata. Chama cha wenye bunduki kinatoa herufi zake. Kila mmoja ana pishi yake ya kupimia, na kila mmoja hukuta kwamba marafiki zake ni wema na maadui zake ni wabaya. Hata utoro una kanuni zake: hao wa 1947 humhesabu asiyekuwepo kama aliyepiga kura vibaya, kwa hiyo mbunge aliyelazwa hospitali wiki tatu anaweza kutoka wodini akiwa msaliti.

Kuna kasoro moja ya kitaalamu ambayo wasomaji wengi wa alama hizi hawaijui. Mwaka 1992 mwanasayansi ya siasa James Snyder alionyesha kwamba makundi haya hupenda kuchagua kura zilizoligawa bunge karibu katikati, kwa kuwa kura ambayo wote wamekubali haitenganishi mtu na mtu. Inaonekana busara. Lakini mfikirie mwalimu anayetunga maswali 20 yote yenye ugumu ule ule. Mwanafunzi aliye juu kidogo ya kiwango hicho atapata yote 20. Aliye chini kidogo atapata sifuri. Wawili hao wanakaribiana kama vidole vya mkono mmoja, lakini karatasi ya majibu inawatangaza malaika na shetani. Ndiyo maana jedwali za alama huonyesha bunge lenye makundi mawili tu, moja la 95 na moja la 5, hata pale ambapo bunge lenyewe limejaa watu wa katikati wanaosuasua. Kwa muda mrefu nilidhani siasa za Marekani zimepasuka vipande viwili kwa kiasi kile kile ambacho jedwali zinaonyesha. Zimepasuka kweli, lakini sehemu ya ufa huo ni wa kopo.

Sasa uongeze neno uhuru juu ya yote hayo. Anayepima msimamo wa wabunge kuhusu bunduki anapima kitu kimoja, hata kama anakipima kwa upendeleo. Uhuru haukai kwenye kopo moja.

Chukua bajeti ya New Hampshire ya mwaka 2021. Pale bajeti huja na muswada wa pili unaobeba mabadiliko ya sheria, na mwaka ule muswada huo ulibebeshwa kila kitu isipokuwa mlango wa ukumbi. Ulianza kuifuta taratibu kodi ya riba na gawio, ambayo ilikuja kwisha kabisa mwanzoni mwa 2025. Uliwapa wazazi akaunti za fedha za umma za kumsomeshea mtoto nje ya shule ya serikali. Ulipiga marufuku utoaji mimba baada ya wiki 24. Na uliwawekea walimu mipaka ya kufundisha dhana fulani kuhusu rangi na jinsia, mipaka ambayo jaji wa shirikisho aliibatilisha Mei 2024 kwa sababu haikueleweka: mwalimu hawezi kujua ni sentensi gani itamfukuzisha kazi.

Kura moja, ndiyo au hapana. Mlipa kodi amepata uhuru, mzazi amepata uhuru kwa maoni ya wengine, mwanamke amepunguziwa, mwalimu amefungwa mdomo. Hata wapenda uhuru wenyewe hawakubaliani juu ya mimba, na hawajawahi kukubaliana. Gavana Chris Sununu alitia saini. Mjumbe aliyebonyeza kitufe cha ndiyo aliongeza uhuru au aliupunguza? Ukinijibu haraka umeshaniambia chama chako.

Mfano wa bangi naupenda zaidi kwa sababu unawachoma wapimaji kwenye ngozi yao wenyewe. Januari 2014 baraza lile lilikuwa chombo cha kwanza cha kutunga sheria nchini Marekani kupitisha muswada wa kuhalalisha bangi ya starehe, kwa kura 170 dhidi ya 162. Haukuwa sheria. Miaka ikapita, baraza likipitisha na seneti ikiua, majimbo jirani yote yakihalalisha moja baada ya jingine. Mwaka 2024 hatimaye ikaonekana njia: seneti ilikuwa tayari, kwa sharti kwamba maduka yasizidi 15 na yaendeshwe kwa mfumo wa kibali unaosimamiwa kwa karibu na serikali, yaani serikali iamue mpaka sura ya duka. Tarehe 13 Juni baraza likauweka muswada kando kwa kura 178 dhidi ya 173. Tofauti ya watu watano.

Miongoni mwa waliouzuia walikuwemo wasiotaka bangi kabisa. Walikuwemo pia waliotaka bangi iwe huru kwa miaka mingi, ila hawakutaka serikali iwe muuza duka. Walishika kitufe kimoja kwa sababu zilizo kinyume. Na mtu anayevuta kibarazani kwake jioni anabaki alipokuwa: tangu 2017 kiasi kidogo hakimpeleki jela, lakini faini ipo palepale. Karatasi ya alama ina safu ya jina na safu ya kura. Safu ya sababu haina. Huyu aliyesema "nusu ya uhuru siitaki" anapata alama sawa na aliyesema "uhuru wenyewe siutaki". Mimi ningewapa wote wawili F, kwa sababu tofauti, lakini hiyo ni pishi yangu.

Halafu liko suala la kazi, linalorudi kila baada ya miaka michache. Muswada unaozuia mwajiri na chama cha wafanyakazi kukubaliana kwamba kila mfanyakazi achangie gharama za chama umeletwa mara nyingi Concord. Ulianguka 2021 na ukaanguka tena 2025, mara zote Warepublican wakiwa wengi barazani, kwa sababu baadhi yao waliungana na Wademokrati. Wanaouunga mkono wanasema mfanyakazi asikatwe senti kwa chama asichokitaka. Huo ni uhuru. Wanaoupinga wana jibu ambalo halijibiki kirahisi: mwajiri na chama ni watu wazima wawili waliosaini mkataba, na serikali inaingilia kuwaambia kifungu gani wasiandike. Ukiwa mpenda uhuru wa kweli, ukiwa umesoma vitabu vyako, hapo unakwama. Mpimaji naye amekwama, ila yeye lazima aandike neno moja kwenye karatasi kabla ya saa tatu asubuhi.

Ujenzi uko hivyo hivyo. Mwaka 2025 jimbo lilipitisha sheria kwamba mwenye nyumba aruhusiwe kujenga nyumba ya nyongeza uani kwake (nisieleweke vibaya, sisemi nyumba ndogo) bila mji kumwekea vikwazo vya kila aina. Mwenye kiwanja amepata uhuru wake. Mji, ambao kwa karne mbili na zaidi umejiamulia mambo kwenye mkutano wa wakazi wote kila Machi, umepokonywa. Hapa mimi niko na mwenye kiwanja, kwa sababu kodi wanazolipa wapangaji huko zimekuwa balaa na mikutano hiyo hujaa wenye nyumba tayari. Lakini najua nimechagua.

Na wapo wasioonekana kabisa kwenye hesabu. Mei 2025 Gavana Kelly Ayotte alisaini sheria mbili zinazozuia miji ya New Hampshire kujiwekea kanuni za kutoshirikiana na maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Miji ya Manchester na Concord ina familia za Wakongomani na Warundi zilizopelekwa huko kama wakimbizi, watu ambao Kiswahili chao utakisikia kwenye foleni ya duka kubwa siku ya Jumamosi. Walioingia kwa mpango wa wakimbizi wana karatasi zao. Lakini uhuru si karatasi peke yake. Ni pamoja na kuendesha gari kwenda kazini zamu ya usiku bila kuhesabu polisi wangapi wako njiani. Kura kama hiyo uiweke wapi: uhuru wa mji, mamlaka ya serikali, au utulivu wa mtu ambaye hapigi kura bado? Wapimaji wa kila mrengo huwapima wabunge kwa niaba ya wapiga kura. Mgeni hayumo kwenye pishi.

Uzito nao ni tatizo. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliwahi kuwadai wasusi wa nywele za Kiafrika leseni ya urembo yenye mamia ya saa za darasa, darasa ambalo halifundishi kusuka. Kumwondolea msusi mzigo huo ni kura nzuri, na ningeipa alama. Lakini kwenye jedwali ambako kura moja ni pointi moja, msusi anakaa sawa na mtu anayesubiri kunyongwa.

Kura kuhusu kunyongwa ilipigwa kweli. Adhabu ya kifo ilikuwepo New Hampshire ingawa mtu wa mwisho alinyongwa 1939. Aliyeipigania ifutwe kwa miaka mingi ni mjumbe Renny Cushing wa Hampton, ambaye baba yake mzazi aliuawa kwa risasi mlangoni kwake mwaka 1988. Muswada ukapita, gavana akaukataa, na ukahitajika uungwaji mkono wa theluthi mbili kila upande. Mei 2019 baraza likapiga 247 kwa 123. Seneti ikapiga 16 kwa 8, na 16 kati ya 24 ndiyo theluthi mbili kamili: mmoja angekohoa vibaya, sheria ingebaki. Ndani ya zile 247 walikuwemo Wademokrati waliokuwa wakiipinga adhabu hiyo siku zote, Wakatoliki waliofuata dhamiri, wabana matumizi waliopiga hesabu ya gharama za rufaa, na Warepublican wa mrengo wa uhuru waliosema serikali isiyoaminiwa kukusanya kodi haiwezi kuaminiwa kuua. Kwangu mimi hiyo ndiyo kura kubwa ya uhuru iliyopigwa jimboni humo katika karne hii. Hakuna mamlaka ya serikali juu ya mtu inayozidi ile. Ningekuwa na jedwali langu, ningeipa pointi 50, halafu ningelaumiwa kwa kubonyeza kopo.

Hapo ndipo ninapofika nikijiuliza kama wapimaji waache kupima. Hapana. Wakiacha, kopo litabaki mkononi mwa vyama peke yake, na pishi ya chama ni moja tu: ulikuwa nasi au hukuwa nasi. Baada ya uchaguzi wa 2022 baraza la Concord lilitoka na Warepublican 201 dhidi ya Wademokrati 198, na kiti kimoja kimefungana kwa kura. Katika hali kama hiyo, mjumbe mmoja aliyekwenda kumchukua mtoto shuleni anaweza kubadilisha sheria ya jimbo. Chama kitamkaripia kwa utoro na kumsifu kwa utii. Hakitamuuliza kama alichokitii kilikuwa chema. Mpimaji wa nje, hata mwenye upendeleo, angalau ana kipimo ambacho si kiti cha mwenyekiti. Ndiyo maana mara kwa mara humkuta Mdemokrati mwenye alama nzuri kuliko Mrepublican fulani kwenye faragha au mamlaka ya polisi, na hilo huwakera wakuu wa pande zote mbili. Wakikereka wote wawili, pana kazi imefanyika.

Ninachokitaka kwao ni kidogo. Wasitangulize herufi. Watangulize kura, kila moja na sentensi mbili za kwa nini wameihesabu na kwa nini wameipa upande huo, na waeleze ni kura zipi walizijadili wakaziacha. Kundi la New Hampshire linafanya nusu ya haya, kwa kuwa ushauri wake hutoka kabla ya kura na unaeleza sababu. Baadhi ya wale wa Washington hawafanyi hata robo, wanachagua kura mwisho wa mwaka wakati matokeo wanayajua. Anayepanga maswali baada ya kuona majibu ya mwanafunzi hasahihishi mtihani, anaandaa sherehe.

Na msomaji naye ana kazi yake. Akipewa herufi, achukue kura tatu au nne ambazo anazifahamu vizuri mwenyewe, atazame mpimaji amesimama wapi. Akiona amesimama alipo yeye, basi zile nyingine anaweza kumwamini kwa mkopo. Asipoona, herufi A inaweza kuwa habari mbaya.

Kuna sharti moja ambalo haya yote hayawezi kufanyika bila hilo, na huku kwetu tunalijua kwa kulikosa. Concord mambo mengi huamuliwa kwa sauti, au kwa kuhesabu vichwa bila kuandika majina. Kura ya majina kwa kawaida hupigwa pale mjumbe anaposimama kuiomba na wenzake wakamuunga mkono. Kwa hiyo alama za mwisho wa mwaka zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kura ambazo mtu alizililia. Wapo wanaoiomba kama mtego, kumnasa mpinzani kabla ya uchaguzi. Wapo wanaoiepuka kwa ustadi. Faida kubwa ya karatasi ya dhahabu, naona, ni kwamba imewazoesha wajumbe kudai majina yaandikwe.

Kenya ilionja hilo Juni 2024. Muswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili ulipita kwa 204 dhidi ya 115, na tarehe 25 kwa 195 dhidi ya 106. Orodha za majina zikasambaa kwenye simu za vijana kabla wino haujakauka: huyu ndiyo, huyu hapana. Hakukuwa na herufi, asilimia, wala jumuiya ya kusahihisha. Taasisi ya Mzalendo ilikuwa imeshafanya kazi ya miaka mingi ya kuhesabu nani anazungumza bungeni na mara ngapi, kazi nzuri, lakini msemaji mwingi si lazima awe mpigaji kura mzuri. Orodha ile tupu ilifanya ambacho hesabu za hotuba hazikuwahi kufanya. Ilifanya na mabaya: namba binafsi za wabunge zilimwagwa hadharani, na baadhi yao mali zao zilivamiwa. Jina na kura bila sababu ni moto mkavu. Lakini siku ya pili yake rais alikataa kuusaini muswada ambao serikali yake mwenyewe iliuleta.

Dodoma tuna kura ya majina ya bajeti kila Juni, ambapo wabunge huitwa mmoja mmoja, nasi tunajua jibu kabla ya jina. Siku nyingine, kwenye miswada inayogusa nani akamatwe, nani aandike, nani akusanyike, Spika anauliza, sauti mbili zinapanda ukumbini, anasema nadhani waliosema ndiyo wameshinda. Ukifungua Hansard ya siku hiyo kumtafuta mbunge wako, utakuta mstari mmoja ndani ya mabano: hoja iliamuliwa na kuafikiwa.